Chai Nyeupe Katika Nyumba ya Karafuu

Kopo lilikuwa dogo, la bati, limechorwa ua ambalo huku kwetu halioti. Alilileta daktari wa Kichina aliyemtoa mama yangu mtoto wa jicho, mwaka 2018, siku alipokuja nyumbani kutuaga. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu miaka ya 1960, wengi wao kutoka jimbo la Jiangsu, na sisi watu wa Mkoani, Pemba, tumewazoea: anakaa huyu, anaondoka, anakuja mwingine. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, Kiswahili chake ni cha "shikamoo bibi" na "fungua jicho". Mama alimpa kilo ya karafuu kavu ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe baada ya kuona vizuri tena. Yeye akatoa kopo, akasema "chai", kisha akaonesha mvi za mama zilizochungulia kwenye mtandio, akasema "nyeupe". Tukacheka sote. Nilidhani anamtania mama. Kumbe ndilo jina la chai yenyewe.

Kesho yake nikaipika kama tunavyopika chai Pemba nzima: maji kwenye sufuria, majani ndani, iliki zilizopondwa, kijiti cha mdalasini, sukari, yakachemka mpaka yakapanda. Tulichopata ni maji matamu ya iliki. Mama akaonja, akaangalia ndani ya kikombe, akasema, "Mwanangu, chai yenyewe imekwenda wapi?" Nikalifunika kopo, nikaliweka juu ya kabati, likakaa huko zaidi ya mwaka. Leo nikikumbuka nilivyoyachemsha majani yale, naumia kweli.

Lililonirudisha kwenye kopo ni maradhi ya sukari. Mama alipopimwa akakutwa nayo, muuguzi alimuuliza anakunywa chai vikombe vingapi kwa siku. Vinne. Sukari je? Vijiko vitatu kila kikombe. Sikuwahi kuvihesabu vijiko vile mpaka siku hiyo. Ni kumi na viwili, karibu gramu 50, kwenye chai peke yake, bado hujagusa vitumbua wala haluwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke takriban gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku nzima, na akishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Mama alikuwa akiimaliza ya siku nzima kwa chai tu.

Nikamwambia, mama, tuache sukari. Akajaribu. Alikunywa chai ya mkandaa kavu siku tatu, kila funda akikunja uso. Jina hilo la mkandaa silisikii tena kwa vijana, wao wanasema chai ya rangi, lakini wazee walijua walichokiita. Mkandaa ni ule mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu ya kuchovyea nyavu na kulainishia ngozi, na kinacholifanya gome lile likaze ngozi ni tanini. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina tanini, ndiyo inayoleta ukakasi mdomoni kama umeng'ata embe changa. Sukari ilikuwa inauficha ukakasi huo. Ukiitoa sukari unabaki na mkandaa mtupu. Siku ya nne nilimkuta mama jikoni, mkono kwenye kopo la sukari, akaniangalia kwa aibu. Nilirudi chumbani nikalia. Mtu wa miaka sabini na mbili, starehe yake duniani ni kikombe cha chai baada ya alfajiri, na mimi ndiye ninayemnyang'anya.

Ndipo nikakumbuka kopo la daktari. Mtoto wa dada yangu yuko China anasoma, nikampigia picha maandishi yake nikamtumia. Jibu lake la sauti ninalo mpaka leo kwenye simu: "Khaloo, hii haipikwi. Hii inalowekwa."

Akanieleza. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zote hutoka kwenye mti mmoja, huo huo unaolimwa Mufindi, Rungwe na Usambara. Tofauti ni mkono wa binadamu baada ya kuchuma. Ya nyeusi majani husokotwa yakachubuka, yakaachwa yabadilike rangi kama tofaa lililokatwa. Ya kijani hupigwa moto mapema ili yasibadilike. Nyeupe haisokotwi wala haipigwi moto wa mapema: huanikwa inyauke polepole, kwa saa nyingi, siku moja mpaka tatu hivi, kisha ikakaushwa, basi. Yetu ilikuwa Baihao Yinzhen, sindano za fedha, kutoka Fuding katika jimbo la Fujian, ambako ndiko asili ya chai hii pamoja na wilaya ya Zhenghe ya jimbo hilo hilo. Huchumwa matumba ya ncha tu, mwanzo wa machipuko ya kwao, siku chache za mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Daraja linalofuata ni Bai Mudan, tumba pamoja na jani moja au mawili machanga. Halafu Gongmei na Shoumei, ambazo majani yake ni makubwa zaidi, ladha nzito, bei nafuu.

Nilipokuwa namsomea mama haya, alikuwa amejimiminia matumba machache kiganjani. Kila moja lilikuwa refu kama pingili ya kidole kidogo, jembamba, limechongoka huku na huku, rangi ya kijani kilichofifia, na juu yake limefunikwa malaika, vile vinywele laini vilivyo mkononi mwa mtoto mchanga. Ukiligeuza juani vinang'aa. Alilisugua moja kwa dole gumba, akalinusa, akasema:

"Hili limechumwa halijafunguka. Kama karafuu."

Nimezaliwa nyumba ya karafuu na sikuwa nimeliona hilo. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua. Ukichelewa likafunguka, umekwisha kuipoteza ile karafuu nzuri. Ukiwahi mno, halijajaza. Mchumaji anaangalia rangi, kijani kinapoanza kuingia wekundu. Kisha usiku mnakaa ukumbini mnachambua, matumba huku, makonyo huku, viganja vinanuka siku nne. Asubuhi mnaanika juu ya majamvi. Hakuna moto, hakuna mashine, ni jua na kugeuza na kuangalia wingu. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kisiwa hiki kimekuwa kikiishi kwa kuangalia wingu hilo. Mama alielewa chai ya Fuding kuliko nilivyoielewa mimi niliyesoma maelezo. Aliniuliza, "Na wao ikinyesha hufanyaje?" Nikamuuliza mpwa wangu. Akasema mvua ikiwa nyingi huitandaza ndani ya nyumba yenye joto, wakipitisha hewa. Mama akatikisa kichwa kama aliyesikia habari za ndugu zake.

Sasa namna ya kuiloweka, maana hapo ndipo nilipojifunza kwa makosa.

Maji yasiwe yanatokota. Chai nyeupe inataka nyuzi 75 mpaka 85 hivi. Mimi kipimajoto sina. Nachemsha maji kwenye birika, nayamimina kwenye jagi, kutoka jagi nayamimina kwenye buli tupu, kutoka buli nayarudisha kwenye jagi. Kila kumimina kunapunguza moto kidogo, na buli nalo linapata joto lake. Mpaka nimalize mizunguko hiyo mvuke unapanda taratibu, haukimbii. Kidole kikikaribia juu ya jagi unahisi joto bila kukivuta kwa haraka. Ndiyo saa yake. Kwa kila kikombe natia ndani ya buli kijiko kimoja cha kulia kilichojaa, siyo cha chai, kwa sababu majani haya ni mepesi, yana hewa nyingi ndani yake, na kijiko cha chai kinakudanganya. Namimina maji juu yake, nafunika dakika nne. Sitii maziwa, maana maziwa yanaifunika kabisa. Sukari ndiyo tunayoikimbia.

Rangi inayotoka ni ya maji yaliyolowekwa ganda la ndimu, manjano iliyokaribia kutokuwepo. Wengi niliowapa wanaangalia kikombe wakadhani nimesahau kuweka majani. Harufu inakuja kwanza, ya majani makavu yaliyolala juani, na nyuma yake kitu cha tikiti. Kisha utamu wa mbali sana, kama ule unaobaki mdomoni ukishatema makapi ya muwa. Mama alikunywa funda la kwanza, akanyamaza. Akanywa la pili. "Haina ukakasi," akasema. Nilikuwa nimekaa naye kibarazani, jua la asubuhi limefika kwenye ngazi, na nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimaliza kikombe bila sukari na akaomba kingine. Nikaongeza maji juu ya majani yale yale, dakika tano, halafu mara ya tatu, dakika saba. Yanakubali. Ya pili mie naipenda kuliko ya kwanza, matumba yanakuwa yameshazama na kusimama wima chini ya buli.

Kosa langu la kwanza baada ya hapo lilikuwa chupa ya chai. Nilitaka kumrahisishia mama nisipokuwepo, nikatia maji ya moto na majani ndani ya chupa, nikafunga, nikaenda skuli kufundisha. Saa sita mchana aliyonimiminia ilikuwa nyekundu, chungu, ina ule mkandaa tuliokuwa tunaukimbia. Maji yaliyofungiwa moto wake saa nne yalikuwa yametoa kila kilichomo. Siku hizi nailoweka kwanza, nachuja, ndipo natia chupani.

La pili lilikuwa kabati. Kopo la daktari lilipokwisha, jamaa alinipatia pakiti ya karatasi kutoka Mombasa, chai nyeupe ya Kenya. Ndiyo, Kenya sasa wanaitengeneza, na Malawi pia, nayo ni nzuri, ina uzito kidogo kuliko ya Fuding. Nikaiweka kabatini pamoja na viungo. Wiki mbili baadaye nikafungua, nikaloweka, nikanywa karafuu. Chai hunywa harufu ya jirani yake. Nyumba kama zetu, ambazo hata mito ya kulalia inanukia karafuu msimu ukifika, chai hii inataka bati linalofunga sawasawa, mbali na viungo, mbali na sabuni, na mbali na unyevu wa bahari ambao huku unaozesha mpaka viatu. Harufu moja tu nairuhusu, na hiyo kwa makusudi: asumini. Wachina wenyewe hulaza chai pamoja na asumini usiku kucha ili ishike harufu. Nami jioni moja nilichukua asumini kidogo zilizobaki kwenye kikuba, nikazitandaza juu ya majani kwenye sahani, nikafunika, asubuhi nikaziondoa. Majani yakawa yamepata unyevu wa maua, ikabidi niyaloweke siku ile ile. Dada yangu wa Jambiani bado anaiulizia chai hiyo.

Na kwake Jambiani ndiko nilikojifunza habari ya maji. Nilimpelekea chai ile ile, buli lile lile, mkono ule ule, ikatoka imefifia na juu yake utando kama mafuta. Nikaangalia ndani ya birika lake: ukoko mweupe mgumu kote. Mashariki ya Unguja watu wamejenga juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima yana chokaa, mengine yana chumvi. Chai ya maziwa yenye tangawizi inastahimili maji hayo. Hii haistahimili. Tukanunua maji ya chupa, ikarudi kuwa yenyewe. Maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchemshwa nayo yanafaa sana.

Wakati wa joto la kaskazi nailoweka baridi. Maji yaliyochemshwa yakapoa, majani, jagi lenye kifuniko, ndani ya friji usiku kucha. Nasisitiza yawe yamechemshwa, kwa sababu maji ya baridi hayaui mdudu yeyote na kipindupindu tunakijua. Asubuhi unachuja. Inakuwa tamu kuliko ya moto, laini kama dafu.

Kuhusu faida kwa afya, hapa nitasema ninachokiamini, maana nimeona kwenye simu watu wanaiuza kwa kusema inayeyusha mafuta, inatibu sukari, inazuia saratani. Nawaomba ndugu zangu wasiache dawa zao kwa maneno hayo. Chai nyeupe ina polifenoli kwa wingi, kemikali za asili za mimea, hasa zile ziitwazo katekini, na maabara zimeonesha kwamba vitu hivyo vinapambana na uharibifu ndani ya chembe za mwili. Lakini uchunguzi mwingi wa chai nyeupe umefanyika kwenye vyombo vya maabara na kwa panya, kwa watu ni mchache. Tunachokijua kwa chai kwa jumla ni kwamba watu wanaoinywa mara kwa mara huonekana kuwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko wengine, na hata hapo ni vigumu kutenganisha chai na maisha yao mengine. Sukari ya mama ilishuka. Ilishuka kwa sababu anameza vidonge vyake, anatembea mpaka shambani na kurudi, na ameacha vijiko kumi na viwili kwa siku. Chai ilimpa kitu cha kukamata mkononi alipokuwa anaviacha vijiko hivyo. Kwangu hiyo ni faida kubwa, na sihitaji kuiongezea muujiza.

Na ina mambo yake ya kuangalia. Watu husema haina kafeini kwa vile ni nyepesi. Si kweli. Tumba changa ndilo mti unaloliwekea kafeini nyingi ili wadudu wasiliguse. Nilimpa mama kikombe baada ya Isha, usiku akawa macho mpaka adhana ya alfajiri, akasoma Kurani nusu ya usiku, asubuhi akaniambia alidhani ni moyo. Tangu hapo mwisho wetu ni Alasiri. Mwezi wa Ramadhani hatuinywi kwenye daku, inakupeleka haja ndogo na kiu inakuwahi. Tunainywa baada ya Tarawehe, tena kidogo.

Jingine lilinipata mimi. Niliipenda nikawa nainywa na chakula, kikombe na wali, kikombe na muhogo. Mwaka uliofuata nikaanza kuchoka, ngazi tatu za skuli nakaa kupumzika. Nikapimwa, damu imeshuka. Sababu kubwa ilikuwa hedhi zangu nzito, lakini daktari aliponiuliza habari za chai akanieleza kwamba chai, hata iliyo nyepesi, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde, na ndiyo chuma nyingi tunayokula sisi, mchicha, kisamvu, kunde. Alinipa vidonge vya chuma, akanikataza kuvinywa na chai. Sasa naacha saa moja au zaidi baada ya kula. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu ndio nawasihi zaidi kwa hili.

Bei yake si ya kila siku, nakiri. Anayetaka kuanza namshauri Bai Mudan au hiyo ya Kenya, siyo sindano za fedha. Na mwenye Shoumei iliyokaa miaka asiogope kuichemsha, ile inastahimili, Wachina wenyewe huichemsha. Fuding wana msemo kwamba chai hii mwaka wa kwanza ni chai, wa tatu ni dawa, wa saba ni hazina. Mama aliposikia alisema karafuu ya miaka saba ni vumbi, kila mtu na chake.

Msimu uliopita tulikuwa tumeanika majamvi sita uani. Nilikuwa nimemwagia chai maji, nimeifunika, nahesabu dakika zangu nne. Wingu likatoka upande wa Unguja, jeusi, bila kubisha hodi. Tulikimbia, mimi, mama na watoto wa jirani, tunaanua huku matone yanatupiga mgongoni, jamvi la mwisho tulilikunja likiwa limeshaanza kulowa pembeni. Tulipokaa tena, tumelowa, mikono inanuka, nusu saa ilikuwa imepita. Nikasema, mama, ngoja nimwage hii, imeshaharibika. Akanizuia mkono, akajimiminia. Maji niliyatia yakiwa yameshapoa vizuri kuliko siku zote.

"Haikukasirika," akasema, na akanisogezea kikombe.